Kumchungulia ndege: historia fupi ya kificho, kutoka ng'ombe wa bandia hadi kioo cha upande mmoja

Kama umekulia kijiji cha mpunga au mtama, dungu huhitaji kuelezwa. Ni kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya shamba, na ndani yake kuna mtoto mwenye kombeo, debe la kugonga na sauti iliyokauka. Kazi yake ni kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishatua, mavuno ndiyo hayo yanaondoka.

Sasa chukua dungu hilohilo, uligeuze kazi. Mtu amelipa pesa nzuri, amesafiri kutoka nchi nyingine, ameamshwa na kiongozi wake saa kumi alfajiri na kuingizwa kwenye kibanda kilichofunikwa pande zote. Hagongi debe. Hata kukohoa anaogopa. Simu ameizima, anatazama kupitia tundu la lenzi saa sita mfululizo, akiomba jambo moja tu: ndege waje.

Usicheke, hiyo ndiyo likizo yake. Biashara ya likizo za kupiga picha za ndege kutoka kwenye vificho ipo Hungaria, Finland, Hispania, Afrika Kusini, na kidogo hapa kwetu pia. Leo tuangalie kibanda hicho kilitoka wapi. Tunapokwenda, shika swali moja mkononi: kila picha ya ndege ina gharama yake, je, anayeilipa ni mpiga picha au ni ndege? Utaona kwamba jibu limebadilika mara kadhaa, na hata sasa halijatulia.

Kabla ya kificho ilikuwa bunduki

Kwa muda mrefu, mtu aliyetaka kumjua ndege vizuri alimuua kwanza. Wala hakuwa mkatili kuliko wenzake, ila hakuwa na njia nyingine. Darubini zilikuwa dhaifu, na ndege hatulii. John James Audubon, mchoraji wa kitabu maarufu cha *The Birds of America* kilichotoka kati ya 1827 na 1838, aliwapiga ndege risasi kisha akawafunga kwa nyaya ili wakae kama walio hai. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yalijaa ngozi na mayai. Kukusanya mayai lilikuwa jambo la heshima kabisa, lililofanywa na wachungaji wa kanisa, wanasheria na watoto wa shule.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro kubwa ya kisayansi. Maiti itakuonyesha urefu wa bawa, lakini haitakuonyesha nani anakaa juu ya mayai, chakula kinaletwa mara ngapi kwa siku, wala mzazi hufanya nini kunguru akikaribia. Tabia haikaushwi ikawekwa kwenye droo.

Na fikra za watu zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1889, karibu na Manchester, Emily Williamson alianzisha chama cha wanawake kupinga biashara ya manyoya ya kupamba kofia. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa RSPB, shirika kubwa la kulinda ndege nchini Uingereza. Kwa hiyo miaka ya 1890 kulikuwa na watu waliompenda ndege na hawakutaka kumuua. Walichokosa ni namna ya kumkaribia.

Ng'ombe asiye na nyama

Hapo ndipo wanapoingia ndugu wawili, Richard Kearton (aliyezaliwa 1862) na mdogo wake Cherry (1871), watoto wa wakulima kutoka Thwaite, kijiji cha bonde la Swaledale kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai. Miaka mitatu baadaye walitoa kitabu cha *British Birds' Nests*, ambacho mara nyingi hutajwa kuwa kitabu cha kwanza cha viumbe pori kilichopambwa kwa picha za kamera tupu, zilizopigwa hukohuko viumbe wanakoishi.

Kiota hakikimbii. Ndege mwenyewe ndiye kazi. Lenzi za siku zile hazikuvuta mbali kama za leo, na picha ilinaswa kwenye bamba la kioo lililotaka mwanga mwingi. Ili ndege aonekane vizuri ilibidi uwe mita chache tu kutoka kwake, na ndege gani atakubali hilo?

Akina Kearton walianza kujificha. Walitengeneza shina la mti la bandia, mtu akasimama ndani yake na kamera. Kisha, mwaka 1900, likaja jambo lililowapa umaarufu hadi leo: ng'ombe. Walichukua ngozi ya ng'ombe wa kweli, mafundi wa kukausha wanyama wa duka la Rowland Ward jijini London wakaivika kwenye fremu nyepesi, na tumboni wakaacha nafasi ya mtu. Yaani mpiga picha anaingia tumboni mwa ng'ombe na kamera yake, anasimama malishoni, anangoja. Walitengeneza na kondoo pia.

Raha haikuwemo humo ndani: giza, joto, mgongo umepinda saa nzima. Siku moja aliyekuwa ndani alizimia, ng'ombe akapinduka chali, miguu minne juu. Picha ya tukio hilo ipo hadi leo, kwa sababu mwenzake aliona ni vyema kuipiga.

Ukiacha kicheko, tazama kilichotokea. Kwa mara ya kwanza gharama ya kumjua ndege ilihama. Ndege aliyekuwa akilipa kwa uhai wake sasa hakulipa karibu chochote, na mtu akalipa kwa mgongo, njaa na baridi.

Na mbona ilifanya kazi? Kwa sababu ndege wanaotaga malishoni wamezoea ng'ombe tangu wapo kwenye mayai. Ng'ombe hajawahi kuwawinda. Kinachomtisha ndege ni umbo fulani, mwendo fulani, na zaidi macho yanayomwelekea. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba kwezi wanaokula huchelewa kurudi kwenye chakula mtu akiwa anawatazama, kuliko mtu huyohuyo akiwa ameangalia pembeni. Kificho kinaficha mwili, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kuficha macho.

Je, ndege anajua kuhesabu?

Wapiga picha wa mwanzo waligundua hila nyingine. Ndege akikuona unaingia kibandani, atakaa mbali hata saa mbili. Basi mnaingia wawili. Mmoja anabaki, mwingine anatoka na kuondoka zake kwa wazi kabisa, hata kwa kelele kidogo. Ndege anaona mtu ameondoka, anarudi kiotoni. Wakasema, eti ndege hajui kuhesabu.

Hapa sayansi inatutaka tuwe waangalifu. Mtafiti Mjerumani Otto Koehler, kwenye majaribio yaliyoanza miaka ya 1930, aliwafundisha kunguru na kasuku kuchagua chombo kwa idadi ya alama zilizo kwenye kifuniko, na walio hodari waliweza kutofautisha hadi sita au saba. Na huko Seattle, John Marzluff na wenzake waliwakamata kunguru wakiwa wamevaa kinyago maalumu, kisha wakakuta kwamba kunguru waliendelea kumpigia kelele yeyote aliyevaa kinyago hicho kwa miaka. Kwa hiyo usimdharau ndege. Hila ile hufanikiwa zaidi kwa sababu ndege mwenye mayai yanayopoa ana haraka. Akiona hatari inaondoka, anachukua nafasi hiyo. Tunatumia umama wake kumdanganya.

Kuna aliyeitumia haraka hiyo bila aibu. Mmarekani Francis Herrick, kwenye kitabu chake cha 1901, alieleza mbinu yake: kata tawi lenye kiota, lishushe, lisimike karibu na hema lako palipo na mwanga mzuri. Alichagua siku ambazo makinda yameshakua kiasi, kwa kuwa wazazi huwa hawako tayari kuyaacha. Alipata picha na maandishi ya thamani. Lakini kiota kilichokuwa kivulini, kimefichwa na majani, sasa kiko juani, wazi kwa kila kunguru anayepita. Bili ilikuwa imeshaanza kurudi kwa ndege.

Mwanamke wa matetini

Mwaka huohuo wa 1900, mwanamke mmoja aitwaye Emma Turner alikutana na Richard Kearton, akavutiwa, akaanza kupiga picha. Alihamia kwenye maziwa na matete ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, akakaa kwenye mashua aliyoifanya nyumba, akiwafuata ndege wa majini kwa subira ya mvuvi.

Mwaka 1911, yeye na mlinzi wa wanyama Jim Vincent walimpata kinda wa *Botaurus stellaris*, ndege wa jamii ya korongo anayejificha matetini. Uingereza ilikuwa imempoteza ndege huyo kama mzaliwa wa nchi tangu karne ya 19, kwa sababu ya uwindaji na kukaushwa kwa vinamasi. Picha ya Turner ikawa ushahidi kwamba amerudi na anazaa.

Zingatia uzito wa jambo hili. Zamani, ushahidi wa namna hiyo ungekuwa ngozi ya kinda kwenye droo, yaani ungelithibitisha kurudi kwake kwa kuanza kummaliza upya. Safari hii kinda alibaki matetini. Turner, ambaye pia alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokewa kwenye Linnean Society, aliwaonyesha wanasayansi kwamba picha inatosha.

Jicho la Hosking

Mwaka 1937 kijana Mwingereza Eric Hosking alikuwa Wales, akipiga picha bundi kutoka kificho kilichoinuliwa juu kufikia usawa wa kiota. Usiku alirudi kwenye kibanda chake. Bundi, anayeruka bila sauti, alimjia gizani na ukucha ukamwingia jicho la kushoto. Jeraha likaoza. Penisilini ilikuwa bado haijafika hospitalini, na madaktari waliona maambukizi yanaweza kuhamia jicho la pili. Ikabidi jicho la kushoto litolewe ili la kulia lipone.

Hosking hakumlaumu bundi. Alirudi kazini na jicho moja, akawa mmoja wa waliofungua njia ya kupiga picha ndege wanaoruka kwa mwanga wa flashi ya kasi. Kumbukumbu zake za 1970 aliziita *An Eye for a Bird*, jina lenye utani wake ndani.

Katika miaka hiyo ndipo adabu ya kificho ilipoanza kukomaa. Huweki kibanda mbele ya kiota siku ya kwanza. Unakiweka mbali, kesho unakisogeza kidogo, keshokutwa kidogo tena. Ndege wanachofanya hapo wanasayansi hukiita kuzoea: kitu kikionekana mara nyingi bila kuleta madhara, ubongo unaacha kukitolea nguvu. Mpiga picha mwenye pupa huruka hatua. Mzazi anatoroka, mayai yanapoa, na kunguru anayewafuata watu kwa macho anajua pa kwenda kula.

Baadaye sheria ikaingilia. Uingereza, kwa Sheria ya Wanyamapori na Mashamba ya 1981, kumsumbua kwa makusudi ndege aliye kwenye orodha maalumu akiwa kiotoni ni kosa, na anayetaka kumpiga picha hapo lazima awe na kibali. Kificho hakikuwa tena kinga ya kutosha. Hata aliyejificha anaweza kudhuru.

Kificho kikawa maabara

Wakati wapiga picha wakitafuta uzuri, wanasayansi walitafuta majibu kwenye vibanda vilevile. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyehamia Oxford, alitumia miaka mingi kwenye vificho vya turubai katikati ya makoloni ya shakwe. Swali moja lililomsumbua linaonekana dogo: kwa nini shakwe, kinda likishaanguliwa, hulichukua ganda tupu na kulitupa mbali?

Yeye na wenzake walipanga mayai mchangani, mengine yakiwa na maganda yaliyovunjika kando yake, mengine yakiwa na ganda mbali zaidi. Wakatazama kutoka kificho. Kadiri ganda lilivyokuwa karibu, ndivyo wezi walivyoyaona mayai na kuyala. Ndani ya ganda ni peupe, na weupe huo unaita adui. Utafiti huo ulitoka 1962, na mwaka 1973 Tinbergen alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Mwanafunzi wake Hans Kruuk, aliyeshiriki kazi ya shakwe, ndiye aliyekuja kwetu kusoma fisi wa Serengeti na Ngorongoro.

Na huku kwetu je?

Cherry Kearton mwenyewe alifika Kenya, wakati huo Afrika Mashariki ya Kiingereza, mwaka 1909, akapiga filamu ya safari ya Theodore Roosevelt. Vita vya Kwanza vilipokuja alirudi kama askari kwenye kikosi kilekile alichokuwamo Frederick Selous.

Kisha mwaka 1932, karibu na Nyeri, ilifunguliwa Treetops: nyumba juu ya mti mkubwa wa mgumo, mbele yake bwawa. Wageni walikaa kimya usiku kucha, wanyama wakija kunywa chini yao. Ni hapo ambapo Elizabeth alilala usiku ule wa Februari 1952 baba yake alipofariki na yeye kuwa malkia. Mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, Treetops ilichomwa moto. Ukumbuke hilo: kificho kilichojengwa kwenye ardhi ambayo watu wake wameondolewa hakiwezi kujificha kwao.

Mwaka huohuo wa 1954, upande wa kusini, kulikuwa na somo la aina nyingine. Leslie Brown, ofisa kilimo nchini Kenya, aligundua kutoka angani kwamba heroe wadogo, au flamingo kama wengi tunavyowaita, huzaliana Ziwa Natron. Akataka kuwafikia kwa miguu. Tope la magadi likamnasa, likamuunguza miguu vibaya, nusura afie huko, akalazwa hospitali. Hakuna kibanda ambacho kingesimama pale. Na hiyohiyo ndiyo sababu flamingo wanapapenda. Fisi hafiki, mbweha hafiki, na mpiga picha naye hafiki.

Kwenye mbuga zetu kificho kikuu ni gari. Wanyama wamezoea umbo la gari kama ndege wa Kearton walivyozoea ng'ombe. Teremka uone: umbo la mtu likitokea tu, wote wameondoka.

Kioo cha upande mmoja

Mabadiliko makubwa ya karibuni yaliletwa na Mhungaria Bence Máté, aliyezaliwa 1985. Alijenga vificho vyenye dirisha la kioo cha upande mmoja: wewe unamwona ndege, ndege anaona giza au taswira ya majani. Hakuna tundu la lenzi, kwa hiyo lenzi inasogea bila ndege kustuka. Kioo hicho hula mwanga, na enzi ya filamu kingekuwa tabu, lakini kamera za kidijitali zinazoona gizani zililimaliza tatizo. Mwaka 2010 Máté alishinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year. Vificho vya ubunifu wake vikafika hadi Zimanga, Afrika Kusini. Kenya nako, kule Shompole karibu na Natron, wageni hukaa kwenye kificho cha kando ya maji wakingoja wanyama usiku.

Hapo likizo ikazaliwa rasmi. Kiti cha kukalia, wakati mwingine choo na kitanda, na kiongozi anayejua jua litapiga tawi lipi saa ngapi. Mpiga picha hazimii tena ng'ombeni. Swali letu linarudi: kama mtu halipi kwa mgongo, nani analipa?

Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna anayeumia. Bwawa dogo la maji safi kwenye nchi kavu ni baraka kwa ndege, na pesa ya mgeni humpa mwenye ardhi sababu ya kuacha msitu usimame. Lakini mgeni amelipa, ana siku nne tu, na anataka tai. Basi tai lazima aletwe, na analetwa kwa chakula.

Tumbusi wanatufundisha hatari yake. Miaka ya mwanzo ya 2000 ilithibitika kwamba tumbusi wa Asia Kusini walikuwa wakifa kwa wingi kwa sababu ya diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iliyobaki kwenye mizoga. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kwa hiyo mzoga unaowekwa mbele ya kificho unaweza kuwa msaada au sumu, inategemea mnyama yule alitibiwa nini kabla ya kufa. Kisha kuna chambo hai, yaani panya anayerushwa mbele ya bundi ili picha ya shambulio ipatikane. Wildlife Photographer of the Year hawakubali picha za namna hiyo. Mapema mwaka 2010 walimnyang'anya ushindi wa 2009 mpiga picha wa mbwa mwitu anayeruka lango, majaji walipoamini kuwa mnyama yule alikuwa wa kufugwa. Mwenyewe alikana.

Kabla hujalipa, uliza

Siku moja unaweza kuwa wewe mgeni, au wewe kiongozi, maana kazi hii inakuja kwetu. Maswali manne yanatosha:

- Kificho kinatazama kiota, au maji na chakula? Kwenye kiota, kosa dogo huua kizazi kizima.
- Chakula ni nini, kimetoka wapi, na kinaendelea kutolewa wageni wakiwa hawapo?
- Tunaingia na kutoka saa ngapi? Kuingia kabla ya mapambazuko na kutoka gizani ni adabu ya msingi.
- Wanaoishi hapo wanapata nini?

Na la mwisho, ambalo naliona ndilo kipimo cha kweli: ndege wasipokuja, itakuwaje? Kiongozi anayekuahidi kwamba lazima watakuja, jua ana namna ya kuwalazimisha. Mzuri atakujibu kwa utulivu kwamba basi, utarudi bila picha.